Neno Walilomwandikia Shangazi

Shangazi yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyoyasema ndiyo waliyomgeuzia. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu hasira yangu haijapoa, na sina haja ya kujifanya imepoa.

Alinilea tangu nikiwa na miaka sita, baba yangu, ambaye alikuwa kaka yake, alipofariki. Ndoa yake mwenyewe ilikuwa imeshavunjika, na watu walipomuuliza kwa nini haolewi tena alijibu kwamba ana mashuka yanayomngoja. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hospitali mbili na hoteli saba. Siku moja nilimpelekea ufunguo aliousahau nyumbani, nikasimama mlangoni pa kiwanda nikamwita kwa sauti, "Shangazi," maana mashine zilikuwa zinanguruma. Kuanzia siku hiyo kiwanda kizima kikawa na shangazi mmoja. Hata wanawake waliomzidi umri walimwita hivyo. Hata Meneja.

Kazi yake ilikuwa kwenye rola. Rola ni mashine ndefu kama chumba, yenye magurudumu mawili mapana yanayopashwa moto kwa mvuke. Shuka bichi linaingizwa upande huu na wanawake wawili, linatokea upande wa pili limenyooka na limekauka, na wengine wawili wanalipokea. Mbele ya magurudumu kuna ubao mwembamba wa chuma unaoitwa kinga. Kidole kikifuata shuka kupita kiasi, kinagusa ule ubao na mashine inasimama papo hapo. Bila ubao huo, rola haijui tofauti ya shuka na mkono.

Shangazi ndiye aliyekuwa mkuu wa rola. Mikono yake haikuwa na unyoya hata mmoja kuanzia viganjani hadi viwikoni, mvuke ulishaumaliza. Mwenzake wa kuingiza mashuka alikuwa mwanamke mmoja mnene, mcheshi, tuliyemwita Kicheko, kwa sababu alikuwa akianza kucheka hata Shangazi, ambaye uso wake ulikuwa mgumu kama kaunta ya posta, alilazimika kugeukia ukutani asionekane.

Mashine zile zilikuwa za kampuni ya ng'ambo, na kampuni ilimleta mhandisi wake aliyezungumza Kihispania. Kwa lugha yetu alijua salamu na "asante sana", basi. Alikuwa na viwanda vitatu vya kuangalia katika miji mitatu, kwa hiyo habari za mashine alizipata kwa karatasi. Kila siku saa sita mchana mkalimani alishuka chini na fomu, akauliza maswali, akajaza majibu kwa Kihispania, mkuu wa mashine akatia sahihi, na fomu ikatumwa.

Mkalimani mwenyewe alikuwa shemeji wa Meneja, ndugu wa mkewe. Alikuwa amesoma Kihispania miezi mitatu na alitembea na kamusi ndogo yenye jalada la plastiki mfukoni mwa shati. Hakuwa mtu mbaya. Shangazi alinikanya mara nyingi nisimseme vibaya. Lakini kumpa mtu kazi ya kubeba maneno ambayo vidole vya watu vinayategemea, kwa sababu tu dada yake ameolewa na bosi, hilo lina jina lake, na jina hilo si bahati mbaya.

Jumatatu moja asubuhi ule ubao wa kinga ulikufa. Shangazi aliubonyeza, rola ikaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna aliyeigusa. Akazima mashine, akafunga utepe mwekundu kwenye swichi kubwa, akapanda ngazi hadi ofisini. Alimwambia Meneja kwa kinywa chake, na mkalimani akiwa amekaa pale pale, kwamba kinga imekufa na rola haiwashwi mpaka itengenezwe. Meneja akasema ataita fundi umeme. Kumpigia simu Mhandisi hakumpigia, kwa sababu Mhandisi angesimamisha kazi rasmi, na hoteli zilikuwa zimejaa wageni.

Fundi umeme hakuja, na fomu ya siku hiyo haikushuka. Jumanne mkalimani akashuka na fomu yake. Akauliza, "Kinga ya rola inafanya kazi?" Shangazi akajibu, "Bado."

Jumatano, swali ni lile lile, jibu ni lile lile. Bado. Alhamisi, bado. Siku zote tatu alitia sahihi chini ya karatasi iliyoandikwa lugha asiyoijua. Aliwahi kuuliza kilichoandikwa, akaambiwa ni kama alivyosema.

Alhamisi hiyo hiyo mchana, mashuka mabichi yakiwa yamerundikana hadi madirishani, Shangazi alitumwa stoo kuhesabu foronya. Alipokuwa huko, Meneja alishuka mwenyewe na mkasi. Akawaambia wanawake kwamba amezungumza na Mhandisi kwa simu na Mhandisi ameruhusu. Akaukata utepe mwekundu, akawasha mashine, akarudi juu. Kicheko na wenzake wakashika kazi. Bosi amesema, mhandisi amesema, wewe ni nani ukatae?

Haikupita nusu saa. Shangazi alisikia ukelele akiwa stoo, na kwa kuwa alikuwa amekaa na sauti za Kicheko miaka kumi na moja, alijua kabla hajafika kwamba huko si kucheka. Alikimbia, akaipiga swichi kubwa kwa ngumi. Magurudumu yalikuwa yameushika mkono wa kulia wa Kicheko hadi kwenye kifundo.

Sitaueleza ule mkono. Alikaa hospitali wiki tano, akilalia mashuka waliyoyanyoosha wenyewe.

Wiki iliyofuata Shangazi aliitwa kwenye kikao. Alikwenda kwa moyo mkunjufu kabisa, akiamini anaitwa kama shahidi. Juu walikuwepo Meneja, Mhandisi aliyekuwa amefika asubuhi hiyo na uso uliopauka kwa kukosa usingizi, karani mmoja, na wa kutafsiri alikuwa nani? Yule yule. Shangazi hakupewa kiti. Mkalimani akamwambia, "Anauliza, siku tatu zile ulisema nini kuhusu kinga?"

Shangazi akajibu, "Nilisema bado."

Mkalimani akageuka akasema maneno machache. Mhandisi akatikisa kichwa kwa huzuni, akafunga faili. Shangazi akadhani ameelewa na anamwonea huruma Kicheko, na kabla ya kutoka alimshukuru. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba alimshukuru.

Kesho yake ilikuja barua. Amesimamishwa kazi kwa kutoa taarifa ya uongo kuhusu usalama wa mashine. Ana siku ishirini na moja za kukata rufaa, zikipita atakuwa amefukuzwa.

Jioni kabla jua halijazama mume wa Kicheko, fundi wa makochi, alibisha hodi. Nilimkaribisha kiti, akabaki amesimama.

"Shangazi, nimekuja nisikie kwako mwenyewe," alisema. "Uliwaambia kinga ni nzima?"

"Sikuwaambia hivyo, mwanangu."

"Wana karatasi tatu. Zina sahihi yako."

Sahihi zilikuwa zake. Yule mwanamume alimtazama kidogo, akaondoka bila kuurudisha mlango. Shangazi akaenda jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimekwisha kuviosha.

Mimi nafanya kazi katika duka la fotokopi na uchapaji. Nilimuuliza kama ana nakala za zile fomu, akanitolea kopo la biskuti lililojaa karatasi za rangi ya waridi, kila moja na tarehe yake. Nilizichukua zile tatu nikaenda kuzikuza kwenye mashine, herufi zikawa kubwa kama za bango. Zote tatu zilikuwa na sentensi moja, neno kwa neno: *La protección del rodillo funciona todavía.*

Juu ya duka la miwani, mtaa wa pili kutoka kwetu, kuna mwanamke anayefundisha Kihispania katika chumba chenye madawati sita. Alikaa miaka kumi na miwili nchi za watu akiuguza wazee, akarudi na lugha na maumivu ya mgongo. Tulimkuta anafuta ubao. Alisoma zile karatasi akiwa amesimama, kisha akamtazama Shangazi.

"Mama, hapa umesema kinga ya rola inafanya kazi bado. Yaani haijaharibika."

"Mimi nilisema bado."

"Ulisema bado, ukaishia hapo?"

"Mtu akiniuliza kama wali umeiva nikamwambia bado," Shangazi alisema, na sauti yake ilianza kupanda, "atachukua sahani?"

Mwalimu akaketi. Alichukua chaki, akaandika lile neno la mwisho peke yake: *todavía*. Akasema hiyo ndiyo bado yao, na katika kamusi ndivyo ilivyo, haina kosa. Lakini bado yetu ina kazi mbili na wao wamezigawa. Akaandika *Trabaja todavía*, akatueleza: bado anafanya kazi, hajaacha. Chini yake akaandika *Todavía no trabaja*: bado hajaanza kazi. Neno ni lile lile, kilichogeuza maana ni ile *no*. Sisi ukanusho tunautia ndani ya kitenzi, hajaanza, haijapona, na mtu akiwa na haraka anaacha kitenzi chote anasema bado, na kila mwenye masikio anajua ni hapana. Wao hawawezi. Mhispania akiulizwa kama kitu kimekuwa tayari, atajibu *todavía no*. Akiiacha *no*, todavía inabaki upande wa ndiyo.

"Kwa hiyo," Shangazi alisema polepole, "siku tatu nilikuwa nawaambia mashine ni nzima."

"Wewe hukuwaambia. Uliandikiwa."

"Na kwenye kikao?"

Mwalimu aliuliza mkalimani alisema nini. Shangazi hakujua Kihispania lakini masikio yalikuwa mazima. Alikumbuka sauti, akaitoa kama alivyoisikia: *dise ke todabia*.

"Amesema kwamba wewe unasema bado inafanya kazi," Mwalimu alisema. Nilimwona Shangazi akikumbuka kile kichwa kilichotikiswa kwa huzuni, na shukrani aliyoitoa. Damu ilimpanda usoni hadi kwenye masikio.

Halafu akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwaza. Alisema mkalimani alikuwepo ofisini Jumatatu. Alisikia kwa lugha yake mwenyewe kwamba kinga imekufa. Meneja alisikia pia. Na ule utepe ulikuwa mwekundu, na wekundu hautafsiriwi. "Huyu alikosea neno," alisema, "lakini yule mwenye mkasi hakukosea kitu."

Mwalimu alijitolea kuandika barua ya rufaa na kuja kutafsiri. Shangazi akamshukuru, ila akasema sentensi ya kwanza ataisema mwenyewe. Hataki tena mdomo wa mtu kati yake na yule Mhandisi kwa jambo hilo moja. Mwalimu akakubali, na kwa wiki mbili Shangazi alipanda ngazi zile kila mchana. Alikuwa mwanafunzi msumbufu. Aliuliza kila kitu. Mwalimu alimfundisha pia kwamba todavía ikikaa mbele ya mlinganisho maana inapanda: *malo* ni mbaya, *peor* ni mbaya zaidi, *todavía peor* ni mbaya kuliko hata hapo. Hiyo aliipenda mno. Nyumbani tukikatikiwa maji alisema *malo*, tukikatikiwa na umeme juu yake alisema *todavía peor*, uso mkavu kabisa, mpaka nikawa nakimbilia chumbani kucheka.

Kikao cha rufaa kilikuwa siku ya kumi na tisa. Mkalimani alipovuta kiti chake, Shangazi alimwomba kwa heshima akae pembeni. Meneja akasema utaratibu hauruhusu. Shangazi akamgeukia Mhandisi, akamtazama machoni, akasema: "*Yo dije: todavía no. Tres días. Todavía no.*" Yaani, mimi nilisema bado haifanyi, siku tatu, bado haifanyi.

Mhandisi aliinua kichwa. Aliomba arudie. Shangazi akarudia, na safari hii ile *no* aliipiga mezani kwa kidole.

Mhandisi akachukua zile fomu tatu, akaziweka moja moja mbele yake, akaanza kumuuliza mkalimani maswali kwa sauti ya chini. Mkalimani alitoa kamusi yake, akafungua ukurasa, akaonyesha: bado, todavía. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mwalimu wetu akasema kwa lugha zote mbili kwamba kamusi haikukosea, ila kamusi haikuwa imesimama pale kwenye rola. Kisha akatafsiri mengine yote: habari za Jumatatu, za utepe, za stoo, za mkasi.

Mhandisi alimuuliza Meneja kama ni kweli aliambiwa Jumatatu. Meneja akasema kiwanda kina mambo mengi na hawezi kukumbuka kila analoambiwa kwenye ngazi. Akaulizwa ule utepe mwekundu alidhani ni wa nini. Alisema alidhani ni wa zamani. Katika miaka yangu yote sijasikia uongo uliovaa vibaya kama huo. Shangazi aliniambia Mhandisi alikaa akikitazama kidole chake mwenyewe kwa muda, kisha akaandika, na alipomaliza alisimama akampa yeye Shangazi kiti chake.

Baada ya siku nne ilikuja barua ya pili. Ilisema kwamba kutokana na kutoelewana kwa kilugha, mhusika anarudishwa kazini, na kampuni inathamini mchango wake. Nafasi ya sahihi ilikuwa chini.

Shangazi aliisoma mara mbili, akaikunja. "*Todavía peor*," alisema, na safari hii sikucheka.

Hakutia sahihi. Alipeleka barua juu akasema hakukuwa na kutoelewana. Yeye na Meneja walielewana vizuri sana Jumatatu, kwa lugha moja, ana kwa ana. Alitaka iandikwe kwamba alitoa taarifa siku ya kwanza, kwamba alisema bado haijatengenezwa siku tatu mfululizo, na jina la aliyekata utepe. Walimzungusha siku sita, mara karani hayupo, mara karatasi ya nembo imeisha. Nikawachapia karatasi ya nembo dukani kwetu, nikaipeleka mwenyewe. Mwishowe walimpa barua yenye mambo mawili ya kwanza. La tatu waliandika "uongozi". Alikaa nayo mchana mzima mapajani, akatia sahihi, kwa sababu rola ilikuwa imepata ubao mpya na walikuwa wanataka kuwaweka pale wanawake wageni ambao hawakuijua.

Jumapili alikwenda kwa Kicheko, nami nikamsindikiza. Vidole viwili havikunjiki tena na havitakunjika. Alikuwa sebuleni, mkono juu ya mto. Shangazi alimweleza yote kuanzia mwanzo, todavía na *no* yake, bila kujitetea na bila kutia chumvi. Kicheko alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo neno nimelielewa," alisema. "Lakini utepe alikata akijua."

"Alikata akijua."

Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuja akapiga goti mbele ya Shangazi, akamwomba radhi kwa ile jioni. Shangazi alimwinua haraka, kwa aibu. Njiani kurudi ndipo hasira iliponikaba vizuri, kwa sababu nilihesabu watu wote waliohusika na jambo lile, na aliyeomba radhi alikuwa ni yule mmoja ambaye hakuwa na kosa.

Mkalimani alihamishiwa stoo. Siku hizi anamwamkia Shangazi kwa kuinamisha kichwa, naye anamwitikia vizuri. Kampuni ilimwajiri Mwalimu kwa siku tatu za wiki. Shangazi yupo kwenye rola, na fomu yake hujazwa kwa lugha mbili au hasaini.

Meneja hakufukuzwa. Alihamishwa kwenye kiwanda kingine cha kampuni ile ile, chenye rola mbili, kwa hafla na hotuba. Mwezi uliopita oda ya kadi zake ilifika dukani kwetu, kadi mia tano, karatasi nzito, na chini ya jina maandishi ya kung'aa: Meneja Mkuu. Kazi ikaangukia zamu yangu. Nilizichapa, nikazikata kingo, nikazipanga kwenye boksi lake. Tarishi alipokuja kuzichukua aliuliza kama nina ujumbe wowote kwa mzee, kwa kuwa alisikia tunafahamiana. Nilimwambia ninao, akachukua kalamu ili aandike. Nikamwambia asiandike, akariri tu: kwamba Kicheko anamsalimu kwa mkono wa kushoto.